Walionywa, Mpendwa. Usikimbilie Kusema Walipanga

Neno la leo ni refu na halitampendeza kila mtu. Kama uko ndani ya matatu soma nusu, umalizie jioni ukifika nyumbani.

Kila mwaka tarehe 2 Aprili na tarehe 7 Agosti zikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Video yenye muziki wa kutisha, mishale myekundu, sauti ya mtu asiyejitaja jina, na mwisho wake maneno ni yale yale: serikali ilijua. Wengine hawatosheki na hapo, wanaongeza: serikali ndiyo ilipanga. Na wanaonitumia ni watu wangu. Ni wazee wa kanisa, kina mama wa maombi, vijana wa kwaya. Chini yake wanaandika, "Pastor, Mungu anafunua yaliyositirika."

Nimeamua kujibu mara moja, hapa hadharani, ili nisiendelee kujibu mmoja mmoja usiku wa manane.

Mpendwa, unachanganya maneno matatu. Jirani akikuambia siku hizi kuna wezi katika mtaa, umeonywa. Akikuambia wanakuja kwako Ijumaa saa nane usiku, watapitia dirisha la jikoni, hapo umejua. Ukiliacha dirisha wazi makusudi ili waingie, umepanga. Mbele ya hakimu yoyote hayo ni mambo matatu, na hukumu zake ni tatu. Wewe kwenye grupu la kanisa unayatia yote ndani ya sufuria moja, unakoroga, halafu unatupakulia kama ufunuo.

Mimi nasema hivi. Serikali nyingi zilizoshambuliwa kwa ghafla zilikuwa zimeonywa. Chache sana zilijua siku na saa. Na kuonywa usisikie ni dhambi kubwa ya kutosha, haihitaji kuongezewa chumvi.

Tuanzie nyumbani. Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, kama saa nne na nusu asubuhi, lori lenye bomu lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Walinzi walikataa kufungua lango. Mmoja wa washambulizi akarusha guruneti la kushtua, likalia kwa kishindo. Watu katika majengo ya karibu wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Ndipo bomu lenyewe likalipuka, na vioo vikawarudia usoni. Wakenya wengi waliopoteza macho siku ile walikuwa wamesogelea dirisha tu, kama ambavyo wewe na mimi tungefanya. Jengo la Ufundi likaanguka. Watu 213 walikufa hapa Nairobi, na kati yao Wamarekani walikuwa 12. Hesabu mwenyewe waliobaki ni wa nani. Dar es Salaam, asubuhi hiyo hiyo, wengine 11 walikufa.

Je, walijua?

Hebu niwape yaliyo kwenye rekodi, maana si siri tena. Agosti 1997, mwaka mzima kabla, polisi wa Kenya pamoja na maafisa wa FBI walipekua nyumba ya Wadih el-Hage hapa hapa Nairobi, mtu aliyewahi kuwa katibu wa Osama bin Laden. Walichukua kompyuta yake. Ndani yake kulikuwa na barua ya mwenzao akilalamika kwamba kundi lao la Afrika Mashariki liko hatarini kugunduliwa. Maana yake nini? Kundi lilijulikana lipo. Miezi mitatu baadaye, Novemba 1997, Mmisri mmoja aliingia ubalozini kwa miguu yake mwenyewe akawaambia maafisa kwamba kuna watu wanapanga kulipua ubalozi kwa bomu la gari. Wakamhoji. Taarifa zikaandikwa zikatumwa Washington, zikiwa na angalizo kwamba huenda mtu huyu anatunga hadithi.

Na balozi mwenyewe, mama Prudence Bushnell, alikuwa akipiga kelele. Tangu mabomu ya Beirut ya miaka ya 1980, Marekani ilikuwa imejiwekea kiwango kwamba ubalozi ukae angalau futi 100 kutoka barabarani. Ule wa Nairobi ulikuwa umebanana na barabara na majirani. Aliomba jengo jipya. Akaambiwa fedha ni haba. Mwaka 1998 akamwandikia waziri wa mambo ya nje mwenyewe, Madeleine Albright. Miezi michache baada ya barua hiyo, lori lilifika.

Sasa soma tena aya hizo mbili polepole. Umeona njama hapo? Mimi naona kitu kinachoniumiza zaidi ya njama. Naona barua iliyojibiwa kwa lugha ya bajeti. Naona mtu aliyekuja na habari ya kweli akapachikwa alama ya kuuliza, faili likafungwa, maafisa wakaenda kula chakula cha mchana. Tume ya Admirali William Crowe ilipotoa ripoti yake Januari 1999, ilisema haikupata taarifa ya kuaminika iliyotaja shambulio lile mahsusi kabla halijatokea. Ikalaumu serikali ya Marekani kwa kushindwa kwa miaka mingi kutoa fedha za kulinda balozi zake. Halafu ikasema hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyevunja wajibu wake.

Hata mmoja! Watu 224 wamekufa katika miji miwili, na hakuna aliyelala kazini. Mpendwa, kama unatafuta kitu cha kukukasirisha, kikukasirishe hicho. Nao Wakenya wengi walioumia siku ile bado wanapigania fidia hadi wamezeeka.

Fungua Yeremia 40. Wengi wetu hatuihubiri sura hii kwa sababu haina ahadi ya kudai. Yerusalemu imeanguka, mfalme wa Babeli amemweka Gedalia awe liwali juu ya watu waliobaki. Yohanani mwana wa Karea na makamanda wengine wanamwendea huko Mizpa na kumwambia wazi: Baalisi mfalme wa Waamoni amemtuma Ishmaeli mwana wa Nethania aje akuue. Wametaja aliyetuma, wametaja aliyetumwa, wametaja kazi yenyewe. Hakuna idara ya ujasusi duniani inayopata taarifa safi kuliko hiyo! Gedalia hakuamini. Yohanani akarudi kwa siri, akajitolea kummaliza Ishmaeli kimya kimya. Gedalia akamkataza, akamwambia anamsingizia mwenzake. Sura ya 41, Ishmaeli anafika na watu kumi, wanakula mezani pamoja na Gedalia, halafu wanamuua kwa upanga.

Niambie, Gedalia alipanga kifo chake? Hapana. Alionywa? Naam, tena mara mbili. Kwa nini hakusikia? Kwa sababu Ishmaeli alikuwa mtu wa heshima, wa ukoo wa kifalme, na kuamini habari ile kungemlazimu abadilishe kila kitu alichokuwa amekwisha kukiamini.

Hiyo ndiyo shida ya wakubwa wote, wawe wa Mizpa au wa Washington. Mtu mkubwa hupokea maonyo kila siku. Mengi ni ya uongo, mengine ni ya watu wanaotaka pesa, mengine ni kweli lakini hayana tarehe. Baada ya tukio sisi tunaokota lile moja lililokuwa kweli, tunaliinua juu, tunasema, "Si waliambiwa!" Tunasahau lilikuwa katikati ya mengine elfu. Hii haiwaondolei lawama. Inaeleza tu jinsi mtu asiye msaliti anavyoweza kuacha watu wafe.

Tarehe 7 Desemba 1941, kule Hawaii, askari wawili vijana kwenye rada ya Opana waliona kundi kubwa la ndege likija. Ilikuwa saa moja na dakika mbili asubuhi. Wakapiga simu. Afisa aliyekuwa zamu, Luteni Kermit Tyler, alijua kuna ndege za Marekani zinatarajiwa kutoka California asubuhi hiyo, akawaambia wasijali. Chini ya saa moja baadaye mabomu ya Wajapani yalikuwa yanaanguka Pearl Harbor, na Wamarekani 2,403 wakafa. Siku kumi kabla, makamanda walikuwa wametumiwa onyo la vita kutoka Washington. Onyo lilikuwapo, rada ilikuwapo, simu ilipigwa. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza, "Na kama si zetu?"

Nanyi mnaopenda habari za Israeli, msiruke mwaka 1973. Tarehe 25 Septemba Mfalme Hussein wa Yordani alisafiri kwa siri akamwonya Golda Meir kwamba Shamu imejipanga kwa vita. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba, Ashraf Marwan, mkwe wa marehemu Rais Nasser wa Misri, akamwambia mkuu wa Mossad huko London kwamba vita ni kesho. Wakuu wa ujasusi wa jeshi walikuwa wamejishawishi kwamba Misri haiwezi kushambulia kwa wakati ule, na wakazishikilia fikra zao hadi ndege zikawa juu ya vichwa vyao. Lakini angalia walichofanya baadaye. Novemba hiyo hiyo iliundwa tume chini ya jaji Agranat. Aprili 1974 ikatoa ripoti ya kwanza yenye majina. Mkuu wa ujasusi wa jeshi, Eli Zeira, akaondolewa. Mkuu wa majeshi akajiuzulu. Golda Meir mwenyewe akajiuzulu. Wale hawakuhitaji video yenye mishale myekundu. Walihitaji tume, wakaipata.

Najua utakachoniandikia kwenye maoni. "Pastor, lakini serikali zimewahi kufanya." Ni kweli, na sitaficha. Mwaka 1931, maafisa wa jeshi la Japani walilipua reli karibu na Mukden, wakawasingizia Wachina, wakapata kisingizio cha kuivamia Manchuria. Tarehe 31 Agosti 1939, watu wa Hitler walijifanya Wapolandi wakavamia kituo cha redio cha Gleiwitz, na kesho yake Ujerumani ikaivamia Polandi. Moyo wa mtawala unaweza kufika huko. Lakini tulijuaje? Habari ya Gleiwitz ilielezwa kwa kiapo huko Nuremberg na Alfred Naujocks, mtu aliyeongoza uvamizi wenyewe. Yupo shahidi, lipo jina, kipo kiapo. Kosa kubwa huthibitishwa kwa ushahidi mkubwa, na hata torati ilidai mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajahukumiwa kufa. Wewe una shahidi gani? Sauti isiyo na uso?

Mungu alimwonya nabii Isaya, sura ya 8 mstari wa 12, asiite njama kila kitu ambacho watu wale walikiita njama. Wakati ule pia kulikuwa na hofu, majeshi mpakani na uvumi sokoni.

"Basi Pastor umenunuliwa, unaitetea serikali." Ngoja kwanza, twende Garissa.

Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, siku tatu kabla ya Pasaka, washambulizi wanne wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Kati ya wa kwanza kuuawa walikuwa vijana wa umoja wa Wakristo waliokuwa wameamka mapema kuomba. Walikuwa magotini, mpendwa. Waliokufa siku ile walikuwa 148, karibu wote wanafunzi.

Onyo lilikuwapo? Mwishoni mwa Machi, Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwatahadharisha wanafunzi wake kwamba kuna taarifa za kijasusi kuhusu shambulio kwenye chuo kikuu kikubwa. Nchi za kigeni zilikuwa zimetoa tahadhari kwa raia wao. Siku moja tu kabla, Rais Uhuru Kenyatta alizipinga tahadhari hizo akasema Kenya ni salama kama nchi nyingine yoyote. Na Garissa si mji uliokuwa haujui damu. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili mjini humo yalishambuliwa Jumapili na watu wasiopungua 17 wakauawa. Pamoja na hayo yote, chuo chenye mamia ya wanafunzi wa bweni kililindwa na askari wachache wa kuhesabu kwa vidole. Shambulio lilianza alfajiri, na kikosi cha Recce, kile kilichofunzwa kwa kazi hiyo hasa, kikafika mchana, karibu saa nane. Kilipoingia, kazi haikuchukua muda mrefu. Zihesabu saa hizo ukiwa mzazi ambaye mtoto wake alikuwa chini ya kitanda akikutumia ujumbe kwa kunong'ona.

Hapo ndipo ninapotaka hasira yako iende. Nani alipokea taarifa ya Machi? Aliipeleka kwa nani? Nani aliamua idadi ya walinzi? Kwa nini Recce ilichelewa saa zote zile? Maswali hayo yana majibu, yana sahihi na tarehe kwenye makaratasi. Swali la "je, walipanga?" halina karatasi. Ndiyo maana ofisa mzembe analipenda sana. Ukimwita muuaji, atakucheka, atasema unaona, hawa ni watu wa uvumi, kisha atastaafu na pensheni yake. Ukimuuliza taarifa ya tarehe fulani aliiweka wapi, atatoa jasho.

Baada ya Westgate, Septemba 2013, watu 67 wakiwa wamezikwa, tuliahidiwa tume ya uchunguzi. Mpaka leo haijaundwa. Kamati za Bunge zikaandika ripoti, na mwaka 2014 Bunge lenyewe likaikataa. Makanisa tulifanya nini? Tulikesha tukiomba, na ni vyema. Nani kati yetu aliandika barua hata moja kuuliza tume iko wapi? Tulikuwa tunatumiana video.

Kuna hatari nyingine, na hii nitaisema kwa haraka. Anayezoea kuona njama haishii kwa serikali. Kesho ataanza kusema jirani yake Msomali alijua, mwenye duka alijua, kijana wa msikitini alijua. Tuliona Aprili 2014, watu wa Eastleigh wakikusanywa kwa maelfu na kufungiwa uwanja wa Kasarani. Halafu Desemba 2015, basi likasimamishwa kule Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa ajili ya kukataa huko, akafa Januari. Je, naye "alijua"? Mwogope Mungu unapobonyeza kitufe cha kusambaza.

Sasa nikugeukie wewe, maana Ezekieli 33 haikuandikwa kwa marais peke yao. Mlinzi anayeona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu inadaiwa mkononi mwake. Na watu wakisikia tarumbeta wakapuuza, damu yao ni juu yao wenyewe. Baada ya Garissa ya 2012, makanisa mengi yalinunua vifaa vya kupekua, yakaweka vijana langoni, mifuko ikakaguliwa. Kwenye kanisa lako, kile kifaa kiko wapi leo? Kiko ofisini kwenye droo, betri iliisha zamani. Kijana wa langoni alihamishiwa kuegesha magari. Mlango wa nyuma umezibwa na viti vya plastiki na spika mbovu. Ikitokea lolote, watu mia nne watatokea mlango mmoja. Mmeonywa kama Gedalia. Mtasema pia kwamba mzee wa kanisa alipanga?

Jumapili hii, kabla ya ibada ya kwanza, wazee na mashemasi wote tukutane langoni saa moja kamili. Tutatoa viti pale nyuma, tutanunua betri, tutapanga zamu kwa majina na kuyabandika ukutani. Waliofiwa Garissa tutawaombea kwenye ibada ya pili, na nitasoma barua kwa mbunge wetu kuhusu tume ya Westgate. Mwenye kutaka kutia sahihi aje na kalamu.

Na wewe ndugu uliyenitumia ile video ya dakika kumi na moja, nimeitazama yote. Niletee shahidi mmoja mwenye jina, nitaketi nawe tuisikilize upya tangu mwanzo.